Makali yakwangue, yasiume: namna ya kusimama sawasawa kwenye skeiti za hoki

Kwenda mbele kwenye skeiti, yaani viatu vyenye chuma chini vya kuchezea hoki ya barafuni, hujifunzwa mapema. Mwanafunzi anasukuma mguu mmoja, anasukuma mwingine, na baada ya muda si mrefu anateleza. Kusimama, yaani kuukomesha mwendo, ndiko kunakowatesa watu. Kwa wiki nyingi, na kwa wengine miezi, mtu husimama kwa kuuendea ukuta, kwa kuzunguka duara mpaka mwendo uishe wenyewe, au kwa kujiangusha. Baadaye anapata kusimama kwa namna fulani, upande mmoja tu na kwa mguu mmoja tu, anaridhika, na kuanzia hapo uchezaji wake wote unapinda kuufuata upande huo. Kisahani kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira kikirudi upande asiouweza, inambidi azunguke duara zima ndipo akifuate.

Naamini kwamba mara nyingi tatizo si woga wala ukosefu wa kipaji. Maelekezo yanayotolewa uwanjani ni mafupi mno: geuza miguu, kunja magoti, chimba. Neno hilo la mwisho ndilo linaloharibu kazi. Anayechimba makali kwenye barafu hasimami, ama anakata kona ama anapinduka. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na hapa maneno yao ni kweli kwa kila herufi: kusimama kwenye skeiti za hoki ni kuserereka kwa ubavu, kwa makusudi, huku ukiuamulia msuguano uwe kiasi gani.

Chuma chenye makali mawili

Tuanze na chuma chenyewe, maana bila kukielewa mambo mengine yote hubaki fumbo. Chuma cha skeiti ya hoki kina unene wa takriban milimita 3, na upande wake wa chini si bapa. Mashine ya kunolea huchonga mfereji mwembamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma, na kila upande wa mfereji huo hubaki ukingo mkali. Kwa hiyo kila skeiti ina makali mawili: makali ya ndani, upande wa dole gumba, na makali ya nje, upande wa kidole kidogo. Ukisimama wima kabisa unayakanyaga yote mawili. Ukiulaza mguu kidogo upande wowote, unabaki na moja.

Ukikitazama chuma hicho kwa ubavu, utaona kwamba hakijanyooka. Kimepinda kidogo sana, kama kipande cha duara kubwa lenye nusukipenyo cha mita 3 hivi, kwa hiyo ni sehemu fupi tu ya katikati inayogusa barafu. Ncha zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zimeviringwa. Hakina meno ya mbele kama skeiti za wacheza dansi wa barafuni. Mtu aliyezoea kuegemea visigino hana cha kumzuia asianguke chali, na aliyelala sana mbele hana jino la kumkamata.

Chuma hiki kina tabia mbili zinazopingana. Kwa urefu wake kinateleza karibu bila msuguano. Chukua mtu anayekwenda mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Akiacha kusukuma na kutulia tu, urefu wa uwanja mzima, takriban mita 60, hautoshi kuumaliza mwendo wake. Kwa ubavu, chuma hichohicho kinakataa kwenda. Kusimama ni kukitoa kwenye tabia ya kwanza na kukiingiza kwenye ya pili. Skeiti zinakaa kingamo, zikikata njia unayokwenda, na makali yanaanza kukwangua.

Wengi hupotea hapo hapo, kwa sababu ya kiasi cha kuulaza mguu. Mfikirie fundi seremala na randa yake. Kisu cha randa kikitokeza kidogo, kinapita juu ya ubao na kutoa maranda membamba. Kikitokeza sana kinajichimbia, kinakwama, na mikono ya fundi inaendelea mbele bila randa. Skeiti iliyokaa kingamo na karibu wima hukwangua tabaka jembamba la barafu na kutoa unga mweupe. Ikilazwa sana kabla ya wakati wake, inauma. Kama haijageuka vya kutosha, inakamata njia mpya na unajikuta umekata kona. Kama imegeuka kabisa, inakwama palepale, na mwili ambao bado una mwendo unapita juu ya miguu.

Kwa hiyo kinyume na silika, kusimama huanza skeiti ikiwa karibu wima juu ya barafu, kisha mguu unalazwa polepole kadiri mwendo unavyopungua. Shinikizo linaongezeka taratibu, kama mtu anayekanyaga breki ya gari kwa utulivu. Mwanzoni hali ya kuserereka kwa ubavu hutisha, kwa sababu mwili unaiona kama ajali. Hakuna njia ya kuikwepa. Inabidi izoeleke mpaka iwe starehe.

Miguu miwili, kazi mbili

Fundo la pili ni kwamba miguu haifanyi kazi moja. Tuseme unakwenda mbele na unataka kusimama kwa kugeuza vidole kushoto. Mara skeiti zinapogeuka, njia unayokwenda inakuwa upande wako wa kulia. Mguu wa kulia ndio unaotangulia, na wa kushoto unafuata. Ili kuzuia mwendo huo, miguu yote miwili inabidi ilale kuelekea kushoto, yaani kinyume cha uendako. Mguu wa kulia ukilala kushoto unakanyaga makali yake ya ndani. Mguu wa kushoto ukilala kushoto unakanyaga makali yake ya nje.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila kasoro utakayoiona uwanjani. Makali ya ndani ni rahisi. Mtu husukuma kwayo tangu siku ya kwanza, na kifundo cha mguu chenyewe hupenda kulegea kuelekea ndani. Makali ya nje ni mageni. Kuyakanyaga kunahitaji goti litoke nje, na silika ya mwili inakataa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anabeba uzito wote kwenye mguu unaotangulia, huku ule unaofuata ukiburutwa tu, au ukikanyaga makali yake ya ndani, au ukiinuka hewani. Anasimama, ndiyo, lakini kwa nusu ya breki, na mwili wake ukiwa umening'inia juu ya mguu mmoja. Akisukumwa kidogo na mpinzani wakati huo, hana pa kuegemea.

Njia nzuri ninayoijua ya kulifungua fundo hili ni kujifunza kila kazi peke yake kabla ya kuziunganisha. Bahati nzuri, kuna aina mbili za zamani za kusimama ambazo kila moja inafundisha mguu mmoja.

Ya kwanza ni ile ya kutanua visigino. Unateleza polepole kwa miguu miwili, unakunja magoti, unaelekeza vidole ndani kidogo, na kusukuma visigino nje mpaka makali ya ndani yakwangue. Ukiifanya kwa mguu mmoja tu, mwingine ukiendelea kuteleza moja kwa moja, unapata kazi ileile ya mguu unaotangulia. Anza hapa, na usiondoke mpaka miguu yote miwili, kila mmoja kwa zamu yake, iweze kutoa unga wa barafu bila wewe kuyumba.

Ya pili ni kuweka mguu mmoja nyuma ya mwingine kwa umbo la herufi T. Wa mbele unateleza, wa nyuma umekaa kingamo na kukwangua. Watu wengi huufanya mguu wa nyuma uburute makali ya ndani, kwa sababu mwili wao umelala mbele. Hilo halizuii mwendo sawasawa, na chuma huisha upande mmoja. Ufanywe kwa makali ya nje, uzito ukirudi juu ya mguu wa nyuma. Sipendi mchezaji wa hoki ategemee aina hii kwenye mechi, maana inamwacha amesimama wima, miguu imejifunga, bila uwezo wa kuondoka haraka. Lakini kama zoezi haina mbadala. Ule mguu wa nyuma wa herufi T, ukikwangua kwa makali ya nje, unafanya karibu kazi yote ambayo mguu unaofuata utatakiwa kuifanya.

Weka kazi hizo mbili pamoja, kwa wakati mmoja, skeiti zikiwa sambamba kwa upana wa mabega, na umepata kusimama kwa hoki.

Mwili unakaa wapi

Miguu ikianza kuzuia, kiwiliwili hakijui. Kinataka kuendelea. Ndiyo maana inabidi miguu itangulie kidogo na nyonga zibaki nyuma, upande ulikotoka, ili nguvu inayotoka kwenye barafu ipite katikati ya mwili badala ya kuuangusha. Kiasi cha kulala kinaweza kukokotolewa. Mtu anayekwenda mita 5 kwa sekunde na kusimama ndani ya mita 3 anapunguza mwendo kwa takriban mita 4.2 kwa sekunde katika kila sekunde. Ili asipinduke, mstari kutoka kwenye skeiti hadi kwenye kitovu cha uzito wake unapaswa kulala karibu nyuzi 23 kutoka wima. Akitaka kusimama ndani ya mita 2, pembe inafika nyuzi 32.

Katika hesabu hiyo mna jambo ambalo walimu wengi hawalisemi. Pembe ya kulala haitegemei kasi uliyokuja nayo, inategemea ukali wa breki. Kasi inaamua umbali: ukiiongeza mara mbili, kwa breki ileile, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Kwa breki ya mfano wetu, mtu anayekwenda mita 2 kwa sekunde anasimama ndani ya nusu mita, kwa muda wa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde haitoshi kwa mwanafunzi kuhisi miguu inaserereka, kulaza mwili, na kurekebisha. Ndiyo sababu wanaojaribu kwa mwendo wa konokono wanakuta skeiti zinakwama tu, na wanaanza kudhani hawawezi. Mwendo wa wastani, kama wa mtu anayekimbia taratibu, ni rahisi zaidi. Hili ni gumu kumwambia mtu mwenye hofu, lakini ni kweli, na nimeona sura za watu zikibadilika pale walipoongeza mwendo kidogo na skeiti zikakubali kuserereka kwa mara ya kwanza.

Kulala huko kufanywe na magoti na nyonga, si mabega. Mabega yabaki usawa. Bega la upande unaoulalia likishuka, uzito wote unaanguka upande mmoja na miguu inaponyoka.

Kugeuza skeiti

Skeiti yenye uzito wa mwili mzima juu yake haigeuki kirahisi. Hapa pana hila ndogo, nayo ni kujipunguzia uzito kwa muda mfupi. Teleza magoti yakiwa yamekunjwa. Inuka kidogo kwa ghafla, bila kuruka. Wakati mwili unapofika juu, barafu inabeba uzito mdogo kuliko kawaida, na katika nafasi hiyo ndogo geuza nyonga, magoti na miguu kwa pamoja. Kisha shuka tena, uketi ndani ya magoti, na kushuka huko ndiko kunakoleta breki. Chini, juu geuza, chini. Baada ya muda kuinuka kunakuwa kudogo kiasi kwamba mtazamaji haoni, lakini kupo.

Kifua kibaki kikitazama kule ulikokuwa unakwenda, au karibu na huko. Anayerusha mabega ili kugeuza miguu anapata mzunguko ambao hauishi pale anapotaka. Miguu inafika kingamo, mwili unaendelea kuzunguka, na anamalizia akiwa ametazama nyuma.

Kuna kasoro nyingine ambayo kwa nje inafanana na uvivu wa kugeuza, kumbe chanzo chake ni uzito kuwa visiginoni. Skeiti inaposerereka kwa ubavu huku nyuma ikiwa na uzito zaidi, nyuma inazuiwa na mbele inakimbia. Ncha ya mbele inageukia tena uendako, na skeiti inarudi kuteleza kama kwamba hukufanya kitu. Uzito ukiwa mbele mno kinatokea kinyume chake: visigino vinakimbia na unazungushwa kupita kiasi. Katikati ya chuma ndipo pa kusimama, ugoko ukiwa umeegemea ulimi wa kiatu. Ukihisi ulimi huo hausukumi ugoko, umeshakaa nyuma.

Kabla ya kujilaumu, angalia chuma

Inasikitisha kuona mtu akihangaika miezi kwa kosa ambalo si lake. Kina cha mfereji unaochongwa na mashine kinaamua makali yanauma kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana ni mkunjo wa mfereji wenye nusukipenyo cha nusu inchi, karibu milimita 13. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, mfereji unakuwa wa kina zaidi na makali yanashika zaidi. Ikiwa kubwa, kwa mfano inchi 5/8, yaani milimita 16 hivi, makali yanakuwa mapole na skeiti inaserereka kwa urahisi. Kwa mtu mzima anayejifunza kusimama, hasa mwenye uzito mkubwa, ningemshauri amwombe mnoaji mfereji wa kina kifupi. Skeiti zilizotoka kunolewa siku hiyohiyo huuma kuliko kawaida, kwa hiyo usishangae kama ulichokiweza wiki iliyopita kimekukataa leo.

Kasoro mbaya zaidi ni makali yasiyolingana, moja likiwa juu kuliko lingine kwa sababu ya kunolewa vibaya. Mtu anaweza kusimama vizuri upande mmoja na kuponyoka upande wa pili kila mara, na akaamini ni mwili wake. Geuza skeiti chini juu, weka sarafu bapa juu ya makali yote mawili, na itazame ikiwa mbele ya macho yako. Ikiwa imeinama upande mmoja badala ya kukaa pembemraba na chuma, rudisha skeiti zinolewe upya.

Kiatu nacho kinahusika. Skeiti za hoki kwa kawaida huvaliwa ndogo kuliko kiatu cha kutembelea, kwa saizi moja au moja na nusu. Kiatu kinachopwaya kinaacha kifundo kilegee ndani yake, na makali ya nje hayawezi kufikiwa kabisa. Barafu yenyewe pia si ileile siku zote. Ya hoki huwekwa baridi, karibu nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ili iwe ngumu. Yenye joto zaidi ni laini, na makali huzama humo upesi.

Ukutani kwanza, kisha katikati

Shika ukuta kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa. Sukuma mguu mmoja kwa ubavu, ukikwangua barafu, mpaka utoe kifungu cha unga. Fanya kwa makali ya ndani, kisha, kwa subira zaidi, kwa makali ya nje. Sikiliza. Kukwangua kuna sauti ya kufagia, kuuma kuna sauti ya kukatika. Masikio hujifunza upesi kuliko miguu, na baadaye uwanjani ndiyo yatakayokuambia kama umelaza sana.

Ukitoka ukutani, usianze kwa kugeuka ghafla nyuzi 90. Anza kwa kukata kona pana kwa miguu miwili, na mwisho wa kona sukuma visigino nje ili skeiti ziserereke kidogo. Kila mara kaza kona hiyo zaidi. Baada ya majaribio mengi kona inakuwa fupi mno kiasi kwamba imebaki kugeuka na kuserereka tu. Njia hii ni ya polepole lakini haivunji moyo.

Kila zoezi lifanywe pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote hapa. Upande dhaifu ukiachwa kwa mwezi mmoja, mwili unajenga mazoea ya kuukimbia, na kuyabomoa ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Mimi huwaambia wanafunzi waanze na upande dhaifu wakati miguu bado ina nguvu.

Vaa kofia ngumu, kinga za viwiko na za magoti, hata kama unaowaona hawavai. Anguko baya hapa ni la chali, kichwa kikitangulia. Ukihisi umeshapoteza, shuka kwa makusudi kwa ubavu wa paja na nyonga, kidevu kikiwa kifuani, na ufumbe ngumi, kwa sababu skeiti za wengine zinapita karibu na vidole vyako. Usisimame karibu na kipa unapojaribu mwendo wa kasi. Kumrushia kipa unga wa barafu makusudi ni kosa linaloadhibiwa katika hoki, na kwa bahati mbaya unga hauji na maelezo.

Mwishoni mwa kila jaribio, rudi hatua mbili uangalie barafu ilichoandika. Mstari mmoja mwembamba, wenye kina na uliopinda, maana yake makali yameuma na umekata kona. Ukanda mmoja mpana na mwingine haupo: mguu unaofuata haukufanya kazi. Kanda mbili zinazoanza mbalimbali zinaonyesha kwamba mguu mmoja uligeuka kabla ya mwenzake. Ukiona kanda mbili pana, sambamba, zenye weupe unaolingana, zimeanza pamoja na kukoma pamoja na kifungu cha unga mwishoni mwa kila moja, geuka, na ujaribu upande wa pili.